Shajara ya mradi: sauti za kuitia koyote kwenye ranchi ya mbuzi, San Angelo

Septemba, wiki ya kwanza

Koyote ni mnyama wa porini wa jamii ya mbwa, anayefanana na mbweha wetu. Spika ya kuitia, ile inayopiga milio ya wanyama ili kumvuta aje karibu, huja na mamia ya sauti: sungura, ndege, panya, watoto wa kulungu, koyote wa kila rika. Mradi huu unatafuta sauti chache zinazofaa hapa, kila moja na mwezi wake, na koyote anayelengwa na kila sauti. Hilo la mwisho ndilo zito kwangu. Si kila koyote anakula mbuzi, na sitaki kumwaga damu ya mnyama asiyetudai kitu.

Ranchi iko nje ya San Angelo, magharibi mwa Texas. Ni nchi ya mawe ya chokaa, mialoni mifupi, mipungate na mesquite, ambao ni jamaa wa karibu wa mathenge tunaougua nao kule Baringo, Kenya: miiba ileile, maganda yaleyale matamu ambayo mbuzi hawayaachi. Tunafuga mbuzi wa Boer waliochanganywa na wale wa Kihispania, na kondoo wachache wa Dorper. Kuzaa ni Machi. Msimu uliopita tulipoteza wana-mbuzi wengi upande wa magharibi, na mzee mwenye ranchi akanikabidhi kazi hii kwa sharti moja, kwamba nijifunze kwanza kabla sijafyatua hata risasi moja. Nimelipenda sharti hilo.

Kisheria mambo ni mepesi. Texas haina msimu wa kufunga koyote. Kwenye ardhi ya mtu binafsi anawindwa mwaka mzima, usiku na mchana, na spika ya umeme inaruhusiwa. Ndege wa kuwinda wanaohama wana sheria yao ya taifa, na hao ni marufuku kuwaita kwa sauti zilizorekodiwa. Leseni ya uwindaji inahitajika, ila koyote anapokuwa anashambulia mifugo au ametoka tu kuishambulia. Mimi na mpwa wangu, ambaye huja kutoka Abilene siku anazopumzika kazini, tunazo leseni, na vyeti vya mafunzo tunavyo. Aliyezaliwa kuanzia tarehe 2 Septemba 1971 hana budi kuwa nacho. Kupiga kutoka barabara ya umma hakuruhusiwi, wala risasi kuvuka mpaka wa jirani.

Septemba, wiki ya tatu

Leo tumempata mzoga karibu na korongo la magharibi, mbuzi wa Machi mwaka huu, ameshakuwa mkubwa kiasi. Kabla ya kumlaumu koyote nilimchuna shingo. Manyoya ya nje yalikuwa karibu safi, huwezi kuona kitu. Lakini ngozi ilipoachana na nyama, chini kidogo ya taya kulikuwa na weusi wa damu iliyovilia, upana wa kiganja, na ndani yake matundu ya meno, mawili huku na mawili kule, bomba la pumzi limepondwa. Damu huvilia kwa mnyama aliye hai. Mzoga unaotafunwa baada ya kifo hutoboka bila kuvilia, kwa hiyo huyu aliuawa, hakuokotwa. Walianza kumla nyuma ya mbavu, ndivyo koyote anavyokula.

Nayaandika haya kwa urefu kwa sababu hapa ndipo uchaguzi wa sauti unapoanzia. Mbwa wa mitaani huuma ovyo, mapaja, masikio, mikia, na huacha majeruhi wengi bila kula. Tumbusi weusi huanza na macho na ulimi wa kitoto kinachozaliwa. Paka-mwitu wa mkia mfupi huacha mikwaruzo ya makucha mabegani. Kila mmoja wa hawa ana dawa yake, na sauti ya koyote haimtibu hata mmoja.

Alama za nyayo kwenye vumbi la korongo: ndefu kuliko za mbwa, nyembamba, kucha mbili za mbele zimekaribiana. Wawili walitembea sambamba.

Oktoba mwanzoni

Kazi ya mwezi huu ni kusikiliza. Jua likishazama na upepo ukishatulia napiga king'ora kifupi kutoka kwenye spika, kisha nanyamaza. Koyote hujibu king'ora kama wanavyojibiana wao kwa wao. Mimi nasimama kwenye kilima cha kaskazini na dira, mpwa wangu kwenye lango la kusini na ya kwake, kila mmoja anasoma mwelekeo sauti inakotoka, na mistari miwili inapokatana kwenye ramani ndipo familia ilipo.

Jambo la kuangalia: wawili wakiimba pamoja, masikio ya mtu huhesabu sita. Wanabadilisha sauti upesi, wanaruka kutoka mlio mrefu hadi vikelele vifupi, na mwangwi wa korongo unaongeza wengine. Wafugaji wengi wa huku wanapokwambia wana kundi la koyote kumi nyuma ya nyumba, mara nyingi ni baba, mama na watoto wao wa mwaka.

Ramani sasa inaonyesha familia mbili. Ya kwanza iko korongo la magharibi, ya pili upande wa mashariki kwenye bwawa la kunyweshea. Mizoga yote iliyothibitishwa, ya mwaka huu na ile mzee aliyoiandika kwenye daftari lake, ni ya magharibi. Mbuzi wanaolisha mashariki wanaingia na kutoka salama, na koyote wa huko tunawaona mara kwa mara wakichimbua panya kwenye nyasi.

Hili linalingana na utafiti uliofanyika Hopland, California, kwenye shamba la kondoo la chuo kikuu. Watafiti wale walikuta kwamba wanaoua kondoo ni zaidi jozi zenye kuzaa, zile zinazoshika eneo lenye kondoo ndani yake. Jozi iliyokuwa ikiua ilipoondolewa, hasara ilishuka. Kuua koyote ovyo ovyo hakukuleta nafuu hiyo. Karatasi yao kuu ilitoka mwaka 2002 na nimemsomea mzee kipande kwa kipande mezani. Alinyamaza sana, maana baba yake na yeye wameua koyote maisha yao yote kwa kuhesabu ngozi.

Oktoba mwishoni

Tumeanza kujaribu sauti za mawindo, bila bunduki. Darubini, daftari, upepo unaokatisha.

Sungura wa mkia mweupe analia kwa sauti nyembamba, ya haraka, inayokatika-katika. Sungura mkubwa wa mkia mweusi, yule mwenye masikio marefu wa nyanda hizi, sauti yake ni nene zaidi, ya kukwaruza, na ina pumzi. Kwa sikio la mgeni zote ni kilio tu. Kwa koyote wa hapa, mkubwa ndiye chakula cha kila siku kwenye uwanda, na mdogo ndiye wa vichaka vya mipungate. Nikiweka sauti ya mkia mweupe katikati ya uwanda mtupu, wanakuja wachache na wanakuja kwa wasiwasi. Nikiweka ya mkia mweusi palepale, wanakuja wamenyooka. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya orodha yangu: mnyama anayelia lazima awe ni yule anayeishi pale spika ilipowekwa.

Kigogota anayelia kwa dhiki amenishangaza. Ni sauti kali, ya juu, inayopenya upepo, na wawindaji wengi wa karibu hawaitumii, kwa hiyo haijachakaa. Mlio wa panya ni mdogo sana kuita kwa mbali, lakini unamvuta koyote aliyesimama kwenye ukingo wa kichaka akisitasita, hatua ishirini za mwisho. Nimeuweka kwenye kitufe cha kwanza cha rimoti.

Wanaokuja kwa wingi mwezi huu ni watoto wa Aprili, sasa wanajitegemea, wana njaa, hawajui kitu. Mpwa wangu aliwatazama watatu wakizunguka spika wakiinusa, akaninong'oneza, "Mjomba, si tungewamaliza hapahapa?" Nikamwambia, hawa ndio rahisi kuliko wote na ndio wasiokula mbuzi. Wengi wao watatawanyika kabla ya Krismasi, waende mbali kutafuta mahali pao. Ngozi zao zingejaza gari na Machi wana-mbuzi wangekufa vilevile. Hapo tukaondoka.

Usiku mmoja bundi mkubwa mwenye pembe za manyoya alishuka kwenye spika bila sauti yoyote, nilihisi upepo tu juu ya kofia. Kwetu bundi ana habari zake, nami sikulala vizuri. Huku analindwa na sheria ya taifa, haguswi. Tangu siku ile kinyago cha manyoya kinachocheza-cheza karibu na spika ili kuvuta macho ya koyote tunakiweka mchana peke yake.

Novemba

Vifaa, kwa ufupi.

Filimbi ya mdomo nimeamua ibaki shingoni daima. Zipo aina mbili zinazonifaa. Moja kipande chembamba cha plastiki kimefichwa ndani ya mpini, unapuliza tu na sungura analia. Ni rahisi, lakini ina sauti moja, na baridi kali hugandisha mate ndani. Nyingine kipande kiko wazi, unakigusa kwa meno na midomo: ukikiuma karibu na ncha unapata panya, ukirudi nyuma unapata sungura, nyuma kabisa na pumzi ya tumbo unapata mlio wa koyote. Hii inataka mazoezi, na mke wangu ameniomba niyafanyie zizini. Ya kuweka kwenye kaakaa nimeiacha.

Texas ndiyo iliyolea kazi hii. Ndugu wawili, Murry na Winston Burnham wa Marble Falls, walijifunza kwa baba yao kuita wanyama kwa kuiga sungura, na miaka ya 1950 wakaanza kutengeneza na kuuza filimbi. Baadaye Johnny Stewart wa Waco akarekodi wanyama wa kweli na kuziuza sauti zao kwenye sahani za santuri. Wawindaji wakabeba mashine ya santuri porini. Spika yangu ya rimoti ni mjukuu wa mashine hiyo.

Spika yenyewe inawekwa mbali nami, hatua kama sitini, upepo ukikatisha kati yetu. Koyote haamini masikio peke yake. Akisikia, anazunguka ili aingie chini ya upepo, anuse. Spika ikiwa pale, njia yake ya kuzungukia inapita mbele yangu, na macho yake yako kwenye spika. Upepo ukifika wa kutikisa matawi makubwa tunabaki nyumbani; sauti haifiki na yeye mwenyewe hatulii.

Desemba

Leo ni siku ya kuondoa sauti kwenye orodha.

Kilio cha mwana-mbuzi. Watu wengi huanza na hicho, wakidhani muuaji wa mbuzi aitwe kwa mbuzi. Tumekijaribu kwa makusudi, nikiwa na mzee, kundi likiwa malishoni karibu. Kabla ya dakika moja mbuzi majike kumi na kitu, wenye mimba changa, waliinua vichwa, wakaitika, wakaja mbio juu ya mawe, na mbele yao mbwa wetu wawili wa kulinda mifugo, aina ya Great Pyrenees, masikio nyuma, wakabweka kuizunguka spika kwa hasira. Mmoja wa majike alisimama akiikwangua spika kwa ukwato, akiita. Mzee alisema imetosha.

Nina sababu ya pili, nayo naiona kubwa zaidi. Koyote asiyeuawa siku ile anabaki na somo kwamba pale paliposikika mwana-mbuzi analia, palikuwa na kitu cha kwenda kutazama. Sitaki kumfundisha hivyo mnyama yeyote anayeishi kwenye ardhi hii. Kimeondolewa.

Mbwa ndio hesabu ngumu ya mradi wote. Great Pyrenees wa mbuzi amezaliwa kupigana na koyote. Ukipiga mlio wa koyote anayetishia, anaacha kundi aende kumtafuta, na kundi linabaki wazi. Ukipiga kilio cha mtoto wa koyote, anakuja pia, kwa sababu zake mwenyewe, nami sitaki mbwa mweupe mwenye kazi njema asimame mbele ya bunduki gizani. Makubaliano na mzee: siku ya kuita magharibi, mbuzi wote na mbwa wote wanahamishiwa malisho ya mashariki tangu jana yake, lango linafungwa, na mbwa wanahesabiwa kwa macho kabla spika haijawashwa. Hakuna lango lililofungwa, hakuna kuita.

Sungura wa mkia mweupe naye nimemshusha hadi akiba. Kila mtu anayenunua spika mjini huanza naye, na koyote wakubwa wa huku wamemsikia akifuatana na mlio wa bunduki.

Januari

Sasa tumefika kwenye sauti zenyewe za koyote, na hapa ndipo mradi unapata maana.

Mwaka 1978 mtafiti Philip Lehner alizipanga sauti za koyote katika aina 11, kutoka mkoromo wa karibu hadi uimbaji wa kundi. Mwindaji hahitaji zote, ila anahitaji kujua nani anamwambia nani nini. Mlio mrefu wa mmoja, *uuuuuu* unaopanda na kushuka, ni wa mtu aliye peke yake akieleza alipo. Mlio unaoanza kwa kubweka, *hau, hau-uuuu*, ni onyo: nimekuona, ondoka. Uimbaji wa jozi ni kusema eneo lina wenyewe. Kunung'unika kwa jike ni kwa karibu, kwa dume.

Jozi ya magharibi imeoana, imeshika korongo, na msimu wa kupandana unakaribia kilele chake Februari. Kwao, mgeni akilia ndani ya mipaka yao sasa ni jambo la kutoka kwenda kulitazama. Sungura anamwita mwenye njaa yeyote, awe mpita njia au mtoto wa jirani. Mlio wa mgeni, ukipigwa ndani ya korongo, unamwita mwenye korongo. Hiyo ndiyo sababu nimeuchagua uwe sauti kuu. Ndiyo sauti pekee katika orodha inayochuja.

Mgeni gani? Nimesikiliza faili nyingi na nimekataa karibu zote za dume mkubwa anayetishia. Ni nzito, zina hasira, na jozi ikishindwa kujua ukubwa wa adui inaweza kubweka kutoka mbali bila kusogea. Ninayoitaka ni ya koyote mchanga, mwembamba wa sauti, aliyepotea, analia mara mbili na kunyamaza. Huyo hata jike atamfukuza. Kati ya faili tatu nilizobaki nazo, moja ina ndege wa kiangazi nyuma yake na sehemu hii ya mwaka ndege hao hawapo. Labda koyote hajali. Mimi najali, nimeifuta.

Swali la lini limejibiwa na kalenda. Mimba ya koyote ni siku kama 63, kwa hiyo watoto huzaliwa kuanzia Aprili. Jozi ikiondolewa Oktoba, jozi nyingine inaingia baada ya wiki kadhaa na inaweza kuwa imekaa vizuri mbuzi wanapozaa. Ikiondolewa Mei, watoto wanabaki shimoni bila maziwa, na hilo silitaki. Dirisha ni mwisho wa Januari hadi Februari. Mtegaji wa kaunti alipita kunywa kahawa na akakubali kuhusu dirisha, ila yeye angeanza na sungura. Tumeachana vizuri.

Februari, wiki ya pili

Baridi kavu, upepo mwepesi wa kaskazini-magharibi, umande umeganda kwenye mipungate. Mbuzi na mbwa wako mashariki tangu jana mchana. Mzee aliwahesabu mbwa, akanipigia simu: wote.

Tuliingia kwa miguu kabla ya kupambazuka, gari tukaliacha nyuma ya kilima. Spika chini ya mesquite kwenye ukingo wa korongo, mimi juu ya mwamba na bunduki ya .223 kwenye miguu yake miwili, mpwa wangu nyuma yangu upande wa chini ya upepo na darubini. Tukakaa kimya hadi mwanga wa kuona manyoya.

Mlio wa kwanza, mchanga aliyepotea, sauti chini kabisa. Kwenye baridi tulivu inafika mbali kuliko unavyodhani, na koyote aliye karibu akipigiwa kelele anakimbia. Kimya. Kimya kirefu, dakika nne nzima, na huo ni sehemu ya sauti. Mpwa wangu anajua sasa kutoniuliza. Mlio wa pili, kutoka spika ileile lakini nikiipandisha kidogo. Kimya tena. Kisha sungura wa mkia mweusi, mfupi, wa chini, kana kwamba mgeni yule amekamata windo kwenye eneo la watu. Hii ndiyo sehemu ninayoipenda zaidi katika mpango, kwa sababu inasimulia kisa ambacho jozi inaweza kukiamini.

Mpwa aligusa buti langu mara mbili: wawili, kulia. Dume alikuja mbele, shingo imesimama nywele, mkia chini, anatembea kwa kunyooka miguu. Jike alibaki nyuma yake, ameanza kuzunguka kutafuta upepo. Dume alipofika mahali pa wazi nikanung'unika kwa mdomo, akasimama. Risasi ilimwangusha palepale. Papo hapo mpwa alibonyeza kilio cha koyote aliyeumia, ile sauti ya *kai-kai-kai*, na jike aliyekuwa ameshageuka kukimbia akasimama kuangalia nyuma. Hapo nilipiga mara ya pili.

Dume alikuwa mzito, meno yamesagika, kovu kwenye pua. Tumbo lake tulilifungua, kwa sababu mradi unataka uthibitisho: nywele nyeupe na za kahawia, kipande cha ngozi chenye alama ya rangi tunayowapaka mbuzi mgongoni, na kwato ndogo. Mpwa wangu alivua kofia. Nami nilikaa chini kidogo. Ni mnyama mzuri sana, koyote.

Glavu lazima. Kichaa cha mbwa kiliwahi kuenea kwa koyote wa kusini mwa Texas kuanzia 1988, na jimbo likalazimika kumwaga chanjo za kula kutoka angani tangu 1995. Aina ile imedhibitiwa, ila mate ya mnyama wa porini si ya kushikwa kwa mikono mitupu.

Februari mwishoni

King'ora cha jioni upande wa magharibi: kimya. Mashariki: wanajibu kama kawaida. Hao tunawaacha. Jozi inayokula panya na sungura na kuwafukuza koyote wengine inatulindia malisho yale bila kulipwa, na mzee, kwa mara ya kwanza nadhani, ameandika kwenye daftari lake kwamba wasiguswe. Spika hairuhusiwi kuwashwa mashariki ya barabara ya ndani.

Machi

Kuzaa. Hakuna muda wa kuandika. Magharibi tumepoteza wana-mbuzi kwa baridi ya usiku mmoja na kwa tumbusi, wote wamechunwa shingo na kukaguliwa, hakuna hata mmoja mwenye damu ya koo.

Mei

Mpita njia mmoja ameanza kujibu king'ora kutoka kwenye korongo, peke yake, bado hana mwenzi. Hajagusa kitu, anatazamwa tu.

Watu wa huku mwezi huu hutumia kilio cha mtoto wa koyote, na kinafanya kazi kuliko sauti yoyote, kwa sababu wazazi wana watoto na hawawezi kukaa. Nimekibakiza kwenye spika kwa dharura moja tu: mwana-mbuzi akiuawa kwa uthibitisho, na shimo likijulikana lilipo, ili wote waondolewe pamoja bila kuacha vichanga. Kilio cha mtoto wa kulungu nacho ni cha Mei hadi Julai. Kinabaki akiba, pamoja na sungura wa mkia mweupe.

Orodha ya msimu ujao, kama ilivyo kwenye rimoti leo: panya kwenye kitufe cha kwanza, mchanga aliyepotea cha pili, mkia mweusi cha tatu, kigogota cha nne, *kai-kai* cha tano. Vitufe vingine nimevifunga ili mtu asivibonyeze gizani. Kazi iliyobaki ni kurekodi sauti zetu wenyewe. Mpwa ameazima maikrofoni yenye kinga ya upepo na kifaa kinachohifadhi faili za WAV bila kuzibana, na Septemba, watoto wa mwaka huu watakapoanza kujibu king'ora upande wa mashariki, tutawarekodi kutoka kilima cha kaskazini. Faili za dukani zote zimetoka kwa koyote wa mahali pengine, na majirani wetu wanazo zilezile.